Benki Aliyoichagua Maître Anatole

Wakili asiye na akaunti ya amana si wakili, ni msemaji tu. Ndivyo sheria ya Afrika Kusini inavyotaka, na Anatole Bisimwa aliijua vizuri mwaka ule wa 2011, alipokodi vyumba viwili juu ya duka la matairi pale Umbilo Road, Durban, na kubandika jina lake mlangoni. Pesa ya mteja haichanganywi na pesa ya wakili hata kidogo. Inakaa benki kwenye akaunti yake yenyewe, na mkaguzi anakuja kuipekua kila mwaka. Basi kabla hajanunua hata viti vya kukalia wateja, ilimbidi achague benki.

Wakongomani wa mtaa wa Albert Park, waliomwita Maître, yaani wakili kwa Kifaransa, tangu hajamaliza masomo, walidhani kuchagua benki ni kama kuchagua sabuni, unachukua iliyo karibu na mkono. Laiti ingekuwa hivyo. Wakili mwenye amana za watu ni bibi harusi kwa benki, hata kama ofisi yake inanuka mpira wa matairi. Zilimposa mbili.

Ya kwanza ilikuwa tawi la zamani katikati ya mji. Aliyempokea alikuwa mama mmoja wa Kihindi mwenye miwani ya mnyororo, mtu asiyetabasamu bila sababu. Akamweleza mambo yalivyo. Akaunti kuu ya amana ndiyo chungu cha wote, alisema. Riba yake haiendi kwa mteja wala kwa wakili, inaenda kwenye mfuko wa kuwalipa watu walioibiwa na mawakili wao. Kama pesa ya mteja mmoja itakaa muda mrefu, na yeye mwenyewe akaagiza kwa maandishi, basi inafunguliwa akaunti ya pembeni, na riba ya huko ni yake. Kwetu, akaendelea, hiyo ya pembeni tunaifungua kwa jina la ofisi yako, na tunayemjua ni wewe. Riba yetu ni ndogo. Zawadi hatuna. Alimpa kalamu ya benki, na kalamu yenyewe haikuandika.

Ya pili ilikuwa jengo la vioo. Huko alipokewa na meneja kijana, suti imemkaa, na kahawa ikaja kabla hajaketi. Makato ya akaunti? Hakuna. Riba? Kubwa kuliko ya wale wazee. Akaunti za pembeni zinafunguliwa kwa jina la mteja mwenyewe, kompyuta inafanya kila kitu. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo njiani, akamuuliza Maître kama ameshanunua nyumba. Benki ilikuwa na mkopo wa nyumba kwa ajili ya mawakili wanaoweka amana kwao. Malipo yake ni mepesi, na ukilipa zaidi ya unachodaiwa, ile ziada ni yako, unaichota siku yoyote kwa kubonyeza simu.

Yule kijana hakuficha kitu, tusimsingizie. Alisema waziwazi kwamba kwa zile akaunti za pembeni, karatasi za mteja lazima ziwe hai. Kibali cha mkimbizi kikiisha muda, akaunti inasimama yenyewe mpaka kipya kiletwe. Anatole alisikia, akaitikia kwa kichwa, akasema hakuna shida, akaomba sukari ya pili.

Hapo ndipo panapouma. Angekuwa ni wakili wa Kizungu, mzaliwa wa huku, ungesema hakujua. Lakini Anatole! Alikuja Durban akiwa kijana kutoka Bukavu, akalinda magari pale ufukweni na kikoti cha kijani, akasoma sheria kwa pesa ya sarafu walizomdondoshea wenye magari. Miaka yote hiyo aliishi kwa kibali cha karatasi, kinachokunjwa mara nne mpaka kinachanika kwenye mikunjo. Alilala nje ya ofisi ya wakimbizi juu ya boksi ili awahi mstari. Siku alipopata ukaazi wa kudumu na kitambulisho chake, aliondoka kwenye ule mstari, na mstari nao ukamtoka kichwani. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, hata kama jana walilala njaa pamoja.

Alichagua benki ya vioo. Aliyemuuliza aliambiwa ni kwa ajili ya wateja, wapate riba yao, maana watu wetu wamezoea kuliwa kila mahali. Wala hakuwa akidanganya, aliamini hivyo. Lakini ungemuuliza Yvette, mkewe, angekwambia bila kupepesa kwamba ile benki, kwa mkopo wake wa nyumba, ndiyo iliyowatoa kwenye ghorofa ya tisa ya Albert Park, kwenye lifti iliyokufa na jirani anayepiga mke wake, ikawaleta kwenye nyumba ya Umbilo yenye baraza na bati jekundu. Jiko lake tu ndilo lilikuwa dogo. Yvette akipika, mtu wa pili lazima asimame mlangoni. Kwa hiyo kila mwezi Anatole aliongeza kidogo juu ya malipo ya nyumba, na ile ziada ikawa inalala benki ikikua. Waliiita pesa ya jiko.

Sasa njoo kwa Mama Henriette.

Henriette alikuwa mwanamke wa Uvira, msusi, mikono mepesi kuliko wote pale saluni ya Albert Park. Jioni moja alikuwa akivuka barabara, robot, taa ya barabarani, imewaka kijani kwake kabisa, gari likapita kama halina macho likamvunja mguu mahali pawili. Tangu siku hiyo akawa anatembea na fimbo na kusuka akiwa ameegemea ukuta. Anatole aliibeba kesi yake tangu akiwa karani kwa mawakili wengine, akaja nayo kwenye ofisi yake mpya, akaipigania miaka, akaandikiwa barua za kejeli, akabishana na madaktari. Mwaka 2013 fidia ikatoka. Haikuwa utajiri, ila ilitosha kununua ile saluni kutoka kwa mwenyewe, aliyekuwa akijiandaa kuhamia Kanada. Mkataba wa pango ulihitaji miezi kubadilishwa jina, na mpaka siku hiyo pesa ilitakiwa ikae kwa wakili.

Alipomwita aje kuamua ikae wapi, Henriette hakuhitaji hata kufikiri.

"Maître, weka tu kwenye ile yako," alisema. "Ile ya watu wote."

Anatole akacheka kwa upole, kama mwalimu. Akamweleza kwamba huko riba yake itaenda kwa watu asiowajua. Akachukua kikokotoo, akamwonyesha kwa miezi ile atakuwa amepata nini kwenye akaunti yenye jina lake mwenyewe, riba ambayo ingetosha mashine mbili za kukaushia nywele. Henriette aliangalia zile namba kwa heshima, jinsi mtu anavyoangalia picha za watoto wa mwenzake.

"Kama inasaidia wale walioibiwa, si ni vizuri?" akasema. "Mimi siko natafuta faida. Mimi nataka siku nikiomba, inatoka."

"Itatoka," alisema Anatole. "Siku hiyo hiyo, Mama Henriette. Neno langu."

Basi akatia saini. Alitia saini kwa sababu ni Maître aliyesema, si kwa sababu ya mashine. Anatole mwenyewe ndiye aliyetoa nakala ya kibali chake kwenye mashine ya ofisi, akaona tarehe ya mwisho wake, akaona bado iko mbali, akaipeleka benki. Siku ile alijisikia vizuri sana. Alirudi nyumbani akamwambia Yvette kwamba leo amemfanyia mtu wake jambo ambalo mawakili wakubwa wa mjini wasingejisumbua nalo.

Mambo ya pango yakasuasua, kama yanavyosuasua siku zote, na kibali cha Henriette kikaisha. Alikwenda kukiongeza, akaambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi, akaambiwa leo ni zamu ya mataifa mengine. Hakumwambia wakili. Kwa nini amwambie? Kwa watu wetu kibali kuisha ni kama mafua, kila mtu anayo na hakuna anayekwenda kuyatangaza. Anatole naye hakuuliza. Tarehe ilikuwa ndani ya faili, na faili lilikuwa kabatini.

Ndipo simu ikaja kutoka kwa Libérate, mdogo wake Henriette. Mama yao tumbo lilikuwa limemfunga. Hapati choo, hali chakula, anatapika kijani. Daktari wa Uvira alisema hapa hakuna wa kumpasua, mvusheni mpaka Bujumbura upesi. Libérate alimvusha, na hospitali ya Bujumbura ikampokea, ikampa dripu, ikamlaza kwenye korido, na ikataka malipo ya upasuaji yatangulie. Ndivyo hospitali za kulipia zilivyo, hata huku ziko hivyo. Daktari alisema wanaweza kumshikilia siku kadhaa kwa dawa, si zaidi.

Henriette alipanda zile ngazi za juu ya duka la matairi na fimbo yake, jasho limemlowesha, akaingia bila kubisha. Alisema yote kwa pumzi moja. Kisha akasema lile lililomkaa Anatole kifuani mpaka leo:

"Mimi siwezi kwenda, Maître. Pasipoti sina, na mkimbizi akirudi kwao si mkimbizi tena. Mama yangu iko kule na mimi niko huku. Ile franga, ile pesa yangu, njo itaenda kwa nafasi yangu."

"Leo hii," alisema Anatole, na mkono ukawa tayari uko kwenye simu.

Akaunti ilikuwa imesimama. Alidhani amekosea namba, akasoma tena. Akampigia yule meneja kijana, na meneja akawa mwema sana, mwema kupita kiasi, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kibali cha mteja kimekufa na kompyuta imefunga, na yeye hana ufunguo wa kompyuta. Anatole akamwambia huyu ni mtu anayekufa. Meneja akasema anaelewa. Anatole akamwambia hiyo pesa ni amana iliyo mikononi mwangu, mimi ndiye wakili wake. Meneja akajibu kwamba ingekuwa kwenye akaunti kuu, au kwa jina la ofisi yako, ningekutolea sasa hivi, Maître, lakini hii ni ya kwake, kwa jina lake. Alisema atapeleka maombi juu. Alipeleka kweli, na huko juu wakajibu kwamba kibali kiletwe.

Anatole aliweka simu chini. Henriette alikuwa amemkazia macho wakati wote ule, akifuata yale maneno ya Kiingereza kwa kuusoma uso wa Anatole. Hakulia, hakumgombeza. Aliuliza tu sasa tunafanya nini, na lile neno *tunafanya*, jamani, lilimchoma kuliko matusi.

Wanakwetu wana njia yao katika hali kama hizi, njia ya zamani kuliko benki. Watu wa Uvira wa Durban wana chama chao, na mwenyekiti ni Térence, muuza simu, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Mmoja akifiwa au akiuguliwa, Térence anapiga simu, na kabla jua halijazama michango imefika, noti zimekunjwa kwenye bahasha na majina juu. Wamezika watu hivyo, wametoa watu jela hivyo. Lakini safari hii simu ya Térence ilipigwa na watu wakaguna. Mama Henriette? Si ndiye mwenye fidia? Pesa yake yote iko kwa Maître, tena inazaa! Albert Park nzima ilikuwa na habari ya zile mashine mbili za kukaushia nywele. Nani atamchangia mtu ambaye pesa yake inazaa?

Jumapili baada ya ibada Anatole alikwenda mwenyewe kwenye kikao chao kuwaeleza. Aliongea vizuri, ndiyo kazi yake. Alieleza akaunti kuu, akaunti ya pembeni, kompyuta, kibali. Wakamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu Térence akasimama.

"Maître, wewe ni mkubwa wetu," alisema. "Lakini ukisema pesa iko, iko. Ukisema haitoki, sisi tutajua nini? Mwenye ufunguo ni wewe."

Walipitisha kofia hata hivyo, kwa kuona aibu. Kilichopatikana kilitosha dripu na nauli za Libérate. Gharama ya upasuaji haikuguswa hata kwa ukucha.

Jioni ile Anatole aliegesha gari uani, hakushuka. Redio ilikuwa ikitangaza mpira. Alitoa simu, akafungua akaunti ya nyumba, akaiangalia ile ziada. Ilikuwa inatosha, tena na chenji. Hakuhitaji kumwomba mtu wala kutia saini popote, maana haikuwa amana ya mteja yeyote. Ilikuwa yake, halali, jasho lake. Kubonyeza mara mbili tu, kesho asubuhi jamaa anayetuma pesa pale Albert Park angekuwa ameshaifikisha Bujumbura.

Usidhani alikuwa mtu mbaya. Mtu mbaya tungemsema tukamaliza. Alikaa pale akabishana na nafsi yake kama wakili wa pande zote mbili. Fundi Peguy alikuwa ameshapewa ahadi aje kuvunja ukuta wa jiko wiki hiyo, na Yvette alikuwa ameshatoa vyombo kabatini. Ukimkopesha mmoja, kesho wako kumi mlangoni, na wakili anayekopesha wateja wake mfukoni mwake anaanza kuonekana mtu wa ajabu mbele ya wakaguzi. Na zaidi ya yote, Jumanne ndiyo ilikuwa zamu ya Wakongomani kule ofisi ya vibali. Atakwenda na Henriette yeye mwenyewe, na suti yake na kadi yake ya uwakili, Jumanne kibali kitoke, mchana benki ifungue, jioni pesa ifike. Mambo yatakwenda kwa njia yake. Daktari si amesema siku kadhaa? Kwa nini ubomoe mfuko wako kwa ajili ya jambo litakalofunguka lenyewe keshokutwa?

Aliirudisha simu mfukoni. Yvette akatoka barazani kumuuliza mbona hashuki, na yeye akasema alikuwa anasikiliza mpira. Hakumwambia mkewe neno juu ya ziada, kwa kuwa alimjua Yvette. Alijua angesema toa, toa sasa hivi, jiko litasubiri, mimi nimepikia koridoni kule Albert Park miaka mingapi? Na akisema hivyo, itabidi atoe. Ndiyo maana hakumuuliza.

Jumanne giza halijaachia walikuwa mstarini. Anatole alikuwa na suti yake, Henriette na fimbo na kitenge mabegani. Mstari ulizunguka kona, kina mama na watoto migongoni, vijana waliojifunga blanketi. Wapo waliomfahamu, wakamwita Maître, wakamcheka kidogo: eish, leo na wewe umerudi kwetu? Alicheka nao. Harufu ya pale ilimrudia yote mara moja, ya boksi lililolowa na ya mkojo wa ukutani, akaona aibu kwamba aliisahau. Jua lilipopanda, mlinzi akatoka akakata mstari watu kama ishirini mbele yao. Kadi ya uwakili haikumshangaza. Alisema rudini Alhamisi.

Walirudi kwa gari. Henriette aliongea na Libérate kwenye simu. Mama bado yupo, ameuliza atapasuliwa saa ngapi. Anatole akasikia hivyo, na mkono wake uliokuwa kwenye gia ukataka kwenda mfukoni. Angeweza kusimama pale pale pembeni ya barabara. Alisema moyoni, Alhamisi. Siku moja katikati, basi. Hapo ndipo alipoichagua ile benki mara ya pili.

Alhamisi walifika mapema zaidi, na safari hii mlango uliwameza. Alimsimamia dirishani, akaongea pale ilipobidi, akanyamaza pale ilipobidi. Kabla ya adhuhuri Henriette alitoka nje na kibali kipya, wino haujakauka vizuri, akawa anakipepea kama anapoza uji. Alikuwa anacheka. Alimshika Anatole bega akasema kwa mguu huu angeweza kucheza ndombolo leo. Anatole alikwishapiga picha ya ile karatasi, ameituma benki, na meneja kijana alikwishajibu: sharp, sawa kabisa, Maître, ndani ya saa moja itafunguka.

Simu ya Henriette ililia wakiwa bado hawajafika kwenye gari. Alipokea na kicheko kingali mdomoni, akasema Libé, niko nayo, niko nayo karatasi. Halafu akasikiliza. Aliketi taratibu kwenye ukingo wa barabara, mguu mbovu ameunyoosha mbele, fimbo ikaanguka, na kibali akawa bado amekishika kwa vidole viwili ili kisipate vumbi.

Benki ilifungua saa ile ile iliyoahidi. Pesa yote ilikuwapo na riba yake juu, hakuna senti iliyopungua. Ilitumika kumrudisha mama Uvira na kumzika.

Matanga yaliwekwa Albert Park, kwenye ghorofa ya Henriette. Viti vya plastiki mpaka kwenye korido, magodoro sakafuni, kina mama wakiimba nyimbo za kanisa kwa zamu ili sauti zisife. Anatole na Yvette walikwenda. Bahasha ya Maître ilikuwa nene kuliko zote, na aliitia kwenye beseni la rambirambi akiangalia pembeni. Safari hii watu walichanga, tena walichanga sana. Kwa wafu hakuna anayeuliza kama una pesa inayozaa.

Térence alisimama kutoa shukrani. Akamsifu Maître mbele ya wote: mtu mkubwa, mwenye ofisi yake, akaacha kazi zake akaenda kusimama mstarini na mama yetu kama mmoja wetu, siku mbili, giza halijaachia. Akaomba radhi kwa maneno aliyosema kwenye kikao. Watu wakapiga makofi ya msibani, yale ya taratibu. Yvette akamshika mumewe mkono kwa fahari, na Anatole akajiona mkono wake umekufa ganzi ndani ya mkono wa mkewe. Alitamani mtu asimame amtukane. Angalau mtu mmoja angesema kilichokuwa kweli.

Ilipofika zamu yao ya kuaga, Henriette alikuwa ameketi kwenye godoro, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Anatole alichutama mbele yake. Alikuwa amejiandaa njiani. Alikuwa amepanga kumwambia, si yote, ila ya kutosha: kwamba angeliweza kulipa kwa pesa yake mwenyewe. Alifungua mdomo akaanza na pole, pole sana Mama Henriette, mimi mwenyewe nina jambo.

Henriette alimkatiza kwa kumwekea kiganja juu ya kifua, polepole, kama anayetuliza mtoto.

"Usijihukumu, Maître. Watu wanasema mingi juu ya benki, mimi siko nawasikiliza. Mimi nimekuona kule mstarini." Akavuta pumzi. "Najua moyo wako. Kama ungelikuwa na pesa wewe, ungenipa."

Yvette alikuwa amesimama nyuma yake, anasikia. Kina mama wawili walioketi karibu walikuwa wanatikisa kichwa kukubali. Anatole aliangalia ule uso uliovimba kwa kulia, uliokuwa umemwachia kitu cha mwisho cha kushikilia, akatafuta yale maneno aliyopanga, asiyaone.

"Ndiyo," alisema. "Ningekupa."

Henriette akauchukua mkono wake, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru.